Saa Nane Kasoro Robo

Jumanne, tarehe 4 Februari

Mama Pacha,

Nimefika salama, mgongo tu ndio bado uko njiani. Basi lilitakiwa kuingia saa kumi na moja jioni, likaingia saa mbili kasoro dakika kumi na mbili, na dereva akatushusha bila hata kuona haya. Nikamwonyesha saa yangu. Akasema, "Mzee, shukuru Mungu umefika." Watu wa namna hii ndio wanaoiharibu dunia.

Stendi kuna saa kubwa ya ukutani, uso mweupe, mishale myeusi, ndugu yake kabisa na ile tuliyoletewa na karani wa mahakama. Imesimama. Nilikaa chini yake na mzigo wangu, naitazama kwa jicho langu moja, vidole vinaniwasha. Nusu saa tu na bisibisi ningeiamsha. Watu wanapita chini yake huku wakiulizana saa ngapi.

Nimepata chumba nyuma ya duka la dobi. Kitanda, meza, dirisha moja lenye pazia la njano linalotazama kamba za nguo. Mwenyeji wangu ananikirimu kupita kiasi. Asubuhi nilikuta ndoo ya maji ya moto mlangoni, na shati langu jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe.

Keshokutwa, Alhamisi, ndiyo siku yangu ya daktari. Kadi iko mfukoni, naigusa kila baada ya muda kama mtu anayeogopa wezi. Unajua hili la kushoto ndilo lililobaki tangu springi iliponirukia kwenye la kulia. Na daktari wa huko nyumbani alisema wazi kwamba presha ya jicho si sawa na mtoto wa jicho, kwamba presha haitolewi mtu akaona tena kama zamani. Kilicholiwa kimeliwa, kinachookolewa ni kilichobaki. Kwa hiyo ni kuwahi tu, na mimi si mtu wa kuchelewa, hilo huhitaji kuambiwa.

Baada ya siku kumi nitakuwa nyumbani. Betri na mikanda fanya mwenyewe. Saa ya karani usiifungue. Narudia, usiifungue. Mwambie asubiri.

Mji siupendi. Leo nimezunguka mtaa mara tatu kwa sababu siwezi kukaa chumbani, na kila nikirudi kitanda kinanitazama.

Mumeo,
Fundi

&nbsp;

Jumapili, tarehe 9 Februari

Baba Pacha,

Alhamisi nzima nilihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Ilipofika saa tatu nikasema sasa anaitwa. Saa tano nikasema sasa ametoka. Jioni nikamuuzia mteja mkanda wa kike, mwanamume mzima na mkono kama mchi, na sote wawili hatukugundua mpaka keshoye.

Daktari amesemaje? Niandikie neno moja tu, zuri au baya, hayo ya madereva utanisimulia ukija.

Karani amekuja mara mbili kuulizia saa yake. Nikamwambia fundi hayupo. Akaniuliza, "Na wewe ni nani?" Nikasema mimi mke wa fundi. Jibu lenyewe sikulipenda nilipolisikia likitoka.

Pacha wa kwanza ameandika kukusalimu. Wa pili, kama kawaida yake, anasubiri mwenzake amwambie la kusema.

Mkeo,
Mama Pacha

&nbsp;

Jumatano, tarehe 12 Februari

Mama Pacha,

Alhamisi nilikwenda. Daktari hakuwepo. Huyu wa presha za macho huja hospitali hii mara moja kila wiki saba, kwa hiyo nimepangiwa tarehe 27 Machi. Najua utakavyosema, nirudi nyumbani nije tena. Haiwezekani. Nimepewa dawa ya matone, na kila Ijumaa nesi anataka anipime. Safari ni siku mbili kwenda na mbili kurudi. Ningekuwa naishi ndani ya basi.

Usiulize zaidi, imeshakuwa. Lisilobudi hutendwa.

Basi nimeamua kutoka. Nikikaa chumbani nitakula kuta. Nimekuwa kiguu na njia, nawe hungenitambua. Saa kumi na mbili na nusu nimeshafika kwa mama wa chai, kwenye kona ya kiwanda cha uchapaji. Mabenchi yake amepaka rangi ya buluu, na kwa kuwa rangi haikutosha, benchi la mwisho ni kijani nusu. Wachapaji wanakuja wakitoka zamu ya usiku na wino mweusi mpaka viwikoni, wanashika vikombe kwa ncha za vidole kama mabibi harusi. Chai inamiminwa kutoka juu, uzi mrefu mwekundu, haumwagiki hata tone. Niliagiza cha pili ili nione tena tu.

Kisha chumba cha magazeti kwenye maktaba. Magazeti yamebanwa kwenye fimbo za mbao, na wazee wastaafu wanayagombania. Yuko mmoja wa sweta la kijani ambaye husoma matangazo ya vifo peke yake, akimaliza anafunga, anasema, "Leo simo," anakwenda zake. Tumezoeana. Jana aliniwekea gazeti.

Halafu ngazi. Kuna ngazi ndefu za saruji zinazoshuka kutoka soko la juu mpaka stendi, na kuta zake mbili zimebandikwa matangazo mpaka hakuna sehemu iliyobaki wazi. Mekundu juu ya manjano juu ya meupe, mvua imeyachana ukaona miaka yote kwa pamoja. Nimezihesabu. Ni sitini na mbili.

Usiku silali vizuri. Lakini mchana, nakwambia kweli, kuna saa nzima ninasahau kilichonileta.

Mumeo,
Fundi

&nbsp;

Jumatatu, tarehe 17 Februari

Baba Pacha,

Jogoo la shamba haliwiki mjini, lakini naona la kwangu limeanza kunywa chai vikombe viwili.

Wiki saba! Mtu hasemi wiki saba kama anavyosema dakika saba. Kwa nini daktari asiwepo siku aliyomwita mtu mwenyewe? Kadi si ilikuwa na tarehe? Wewe ambaye siku ya kwanza ulirudi na posa yako kwenu kwa sababu mjomba wangu alichelewa nusu saa, umekubali hivi hivi ukaenda kunywa chai? Hukugombana na mtu? Hapo ndipo siamini.

Na neno jingine. Mara mwenyeji wangu hivi, mwenyeji wangu vile, ananiwekea maji ya moto, ananipigia pasi. Mwenyeji huyo ni mke au mume? Kiswahili chetu hiki kizuri sana kwa wenye mambo yao, mtu anaweza kuishi na malkia barua kumi, zote "yeye" na "ananipa." Sijasema kitu. Nimeuliza tu.

Mama yako anasema matone ukiweka ulale chali. Mimi nasema matone ukiweka uniandikie ukweli.

Mkeo,
Mama Pacha

&nbsp;

Jumapili, tarehe 23 Februari

Mama Pacha,

Mwenyeji wangu ni dobi mwenyewe, mwanamume, mgane wa miaka mingi, ana masharubu, na anakoroma. Roho yako itulie.

Hakuna nilichoficha. Mtu akichoka kugombana hupumzika. Kwani hujaniombea miaka yote nipunguze ukali?

Nimepata mahali pengine. Ni duka la fundi redio, mlango wa tatu baada ya kinyozi. Huwasha redio zote alizotengeneza kwa pamoja, kila moja kituo chake: huku mpira, huku taarabu, huku mtu anatangaza bei za mahindi. Mteja wa kawaida hukimbia. Mimi nakaa kwenye kreti nje na baada ya robo saa kelele zinaachana, kila moja inashika njia yake. Nikamwambia ya rafu ya juu inakwaruza. Akaifungua, kweli, waya umelegea. Sasa ananiita Daktari.

Kwa kinyozi kuna harufu ya poda na spiriti, na mkasi wake haunyamazi hata akiwa hanyoi. Anaukata hewani akisimulia. Hapo nakaa mpaka jua linihamie mgongoni, ndipo najua imefika saa nane. Kisha hatua mia moja na arobaini kwenda kwa mama wa chai. Benchi la mwisho lina msumari, usikalie upande wa kushoto. Mashine za uchapaji zikianza unazisikia kwanza makalioni, kwenye ubao, halafu ndiyo masikioni. Wachapaji wananisogezea nafasi. Mama wa chai hanimiminii tena kwa mbwembwe, ananishikisha kikombe mkononi, ananikunjia vidole.

Usije. Najua unafikiria kuja. Duka haliwezi kufungwa, na huku hakuna la kufanya ila kungoja.

Mumeo,
Fundi

&nbsp;

Ijumaa, tarehe 28 Februari

Baba Pacha,

Mwandiko huu si wako.

Mwandiko wako naujua. Herufi zako zinalala upande kama zinawahi basi. Hizi zimesimama wima, zimenyooka, kama zimepigwa pasi. Barua nzima, mpaka sahihi. Nilifikiri kwanza ni mwanamke, nikakaa na hasira yangu siku mbili, nikaipikia chakula, nikaifulia nguo. Siku ya tatu nikazitoa barua zako zote nikazipanga mezani, na hasira ikaniisha, ikaja hofu.

Barua ya kwanza, pazia la njano. Ya pili, benchi la buluu ambalo rangi haikutosha, sweta la kijani, matangazo mekundu juu ya manjano. Hii ya mwisho nimeisoma mara tano nikitafuta rangi moja tu. Hakuna. Kuna redio, kuna poda, kuna hatua mia moja na arobaini, kuna msumari. Umekaa kwa kinyozi mchana kutwa na hukuniambia hata ukuta wake ni wa rangi gani. Mtu anayejua saa nane kwa mgongo, saa yake ya mkononi imekwenda wapi?

Baba Pacha, unaona?

Usinijibu kwa mkono wa mtu mwingine.

Mkeo

&nbsp;

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kwa Shemeji yangu Mama Pacha,

Salaam nyingi. Hunijui, ingawa mwandiko wangu umeshaujua. Mimi ni dobi, mwenye nyumba anayoishi mumeo. Barua yako nilimsomea mimi, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumsomea. Nilipofika pale uliposema herufi zimepigwa pasi, nilitaka kucheka, lakini nilimtazama nikaacha. Alisema, "Kunja. Weka." Akatoka. Hajataka kujibu siku mbili sasa. Naandika bila idhini yake na nitamwambia nimeandika, maana siwezi kula naye sahani moja na siri tumboni. Nisamehe kwanza kwa barua ile, ambayo ilinibidi niandike kwa mkono wangu mwenyewe kwamba nakoroma.

Shemeji, daktari alikuwepo.

Kadi aliyopewa imechapwa neno SAA, na mbele yake nesi alijaza kwa kalamu 8:00. Mumeo akasoma kama sisi sote tungesoma, saa nane. Nilimpigia pasi shati jeupe, akatoka hapa mapema, na kwa jinsi nilivyomjua baadaye, alikuwa mlangoni saa nane kasoro robo mchana. Mle ofisini wao huandika kama uso wa saa unavyoonyesha. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Daktari aliita jina lake mara tatu, akaendelea na wengine, na saa saba akapanda gari kwenda mji mwingine.

Ingekuwa mimi ningepiga kelele. Yeye alirudi, akakaa kwenye kitanda, viatu miguuni. Kisha akaniambia, "Miaka ishirini na sita nawafundisha watu. Mshale mfupi ukiwa kwenye nane, isome mbili. Mtoto wa darasa la kwanza nimemfundisha." Akacheka, na hakikuwa kicheko cha kusikiliza. Akaniapisha nisimwambie mtu. Alisema unaweza kumsamehe upofu, lakini hilo la saa utalicheka mpaka kaburini.

Jicho lilikuwa linafifia polepole. Tangu katikati ya Februari limekwenda haraka. Saa yake ya mkononi ameivua na kuiweka chini ya mto. Kadi za matone namsomea, barua anasema naandika.

Na hizo sehemu anazokuandikia, Shemeji, usidhani ni za uongo. Anakwenda kweli, kila siku, njia ileile kwa zamu ileile. Nilimuuliza siku moja kwa nini hachoki. Akasema, "Najifunza huku ambako hakuna anayenijua. Nikijikwaa hapa amejikwaa mzee fulani tu. Nyumbani atakuwa amejikwaa Fundi." Ngazi zile sitini na mbili alianguka mara mbili. Sasa anazishuka bila kushika ukuta. Mimi hufuata nyuma kwa mbali na furushi la nguo, nikijifanya napeleka kwa mteja.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeona bora nimuumbue mimi.

Shemeji yako,
Dobi

&nbsp;

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Baba Pacha,

Dobi, msomee yote. Usiruke hata neno, na akisema kunja, usikunje.

Nimecheka. Nianze na hilo, kwa kuwa ndilo uliloliogopa. Nilipofika pale pa saa nane nilicheka mpaka karani wa mahakama, aliyekuwa amesimama dukani, akauliza kuna nini. Sikumwambia. Mganga hajigangi. Nimecheka, nimemaliza, wala sikufika kaburini. Ilichukua dakika moja. Wewe kwa ajili ya dakika hiyo umekaa mwezi mzima gizani bila mimi.

Sasa sicheki.

Umejifunza upofu mbele ya watu baki. Mama wa chai anakukunjia vidole kwenye kikombe, mama ambaye sijui hata sura yake. Mzee wa vifo anakuwekea gazeti ambalo husomi. Mwanamume na furushi anakufuata ngazini usije ukavunjika shingo. Watu wote wa mji huo wamepewa nafasi ya kukushika mkono isipokuwa mimi, na mimi ndiye niliyekushika usiku ule springi ilipokurukia, nikakuosha damu, nikakaa nawe mpaka asubuhi. Ulidhani nimeolewa na macho yako? Nimeumia, Baba Pacha. Nasema wazi ili usiseme hukusikia. Upofu Mungu anajua. Ila huku kunifungia nje umekufanya wewe.

Nami nina langu la kukiri. Saa ya karani nimeifungua. Siku ile ya mkanda wa kike, jioni, nilifunga mlango nikaifungua kwa bisibisi yako ndogo. Uchafu tu, na jino moja limepinda. Nilikuwa nimekutazama ukifanya hivyo miaka yote, wewe ukidhani nakuletea chai. Ilinichukua siku nne. Inatembea. Karani alilipa, akauliza fundi amerudi lini. Nikasema fundi hajaondoka.

Duka atakaa Pacha wa kwanza. Nakuja. Nitafika Jumamosi tarehe 22 kwa basi la saa kumi na moja jioni, maana yake njoo saa mbili usiku na usigombane na dereva. Simtaki dobi stendi. Nakutaka wewe, uje mwenyewe, unipokee, unipandishe hizo ngazi. Kesho yake unipeleke kila mahali ulipoandika, tena wewe mbele, mimi nyuma.

Hospitali tutakwenda usiku wa manane, tulale mlangoni, tuone kama watapata saa ya kutukosa.

Mkeo,
Mama Pacha

&nbsp;

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mama Pacha

Naandika mwenyewe. Dobi ameweka rula chini ya kila mstari, akisahau kuisogeza mistari itapandana, nivumilie. Siyaoni ninayoandika. Naona weupe wa karatasi tu, na hata huo ni kwa kuwa niko dirishani.

Kweli yote aliyosema. Kwenye dirisha la nesi nilifika mapema, nimefurahi. Nilimwambia kwa kiburi, nimewahi robo saa. Akaitazama kadi, akanitazama, akasema, Baba umechelewa saa sita. Hakuna mtu aliyepata kuniambia neno hilo. Ningemwambia yeyote kwamba kuna watu wawili walioniponza, nesi wa kuandika kadi na nesi wa kuisoma. Wewe ungeniuliza swali moja tu, na wewe fundi?

Lakini jambo moja ulielewe. Mwanzo nilikwenda zile sehemu kujifunza. Baadaye nikapapenda. Nimeishi miaka hamsini na nne nikitazama kitu kimoja kidogo kupitia kioo, sikuwahi kukaa kwenye benchi la mtu bila kazi mkononi. Pale kwa redio, wiki jana, nilikaa asubuhi yote nikawa na raha, Mama Pacha, raha ya kweli, na baada yake nikaona aibu kwamba ninapofuka na nina raha. Kisha nikatamani uwepo, nikakasirika, nikarudi chumbani nikazunguka kitanda.

Naogopa. Tarehe 27 naiogopa kuliko giza, kwa sababu giza nimeshalizoea kidogo na matumaini sijayazoea.

Usilete mizigo mingi. Saa mbili usiku nitakuwa stendi. Nitakuwa nimefika saa moja na robo, unanijua.

Saa ya karani, jino lile ulilinyoosha kwa koleo lipi?

Fundi

&nbsp;

Jumamosi, tarehe 29 Machi

Shemeji,

Mlinzi wa geti amesema wodi hii mgonjwa mmoja mtu mmoja, kwa hiyo ulichoka bure jana kusimama na mkoba wa chakula. Mkoba uliingia lakini, tumekula. Kikaratasi hiki nimempa mfagizi, anapita mtaani kwako.

Nilikuahidi nikuandikie wakitoa bandeji ya upasuaji wa juzi. Wametoa leo asubuhi, saa mbili, ya kwetu na ya kwao zote zikikubaliana.

Daktari, ambaye safari hii amebaki kwa ajili ya waliopasuliwa, alinivuta pembeni kabla. Alisema ameokoa kilichokuwepo na kilichokuwepo ni kidogo. Mwanga, vivuli, mtu akisimama karibu ataona kuna mtu. Sura za watu hazitarudi, kusoma hakutarudi, kazi ile basi. Kama angempata wiki saba kabla ingekuwa habari nyingine. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akijaza fomu, wala hakujua alilolisema. Nilimwambia ahsante. Fundi nitamwambia mwenyewe, lakini si leo.

Shemeji, zile siku nne alizonitembeza sitazisahau. Nilikwenda nyuma yake kama nilivyotaka. Mama wa chai alinitazama juu mpaka chini akasema, "Kumbe ndiye wewe," akaninyima benchi zuri. Mzee wa sweta alinisomea vifo vyote vya Jumatatu. Nilikaa kwenye kreti la redio mpaka nikasikia mpira na taarabu vikiachana. Ningeweza kukaa mji huu mwaka, na mimi ni mtu wa kukaa kwangu.

Sasa sikia. Nesi alifungua bandeji, akafuta jicho, akamwambia afumbue taratibu. Mimi nilikuwa nimesimama mguuni pa kitanda, dirisha nyuma yangu. Akapepesa, akageukia dirisha. Daktari akamuuliza, "Mzee, unaona nini?"

Akasema, "Mtu."

"Mtu gani?"

"Sura siipati. Lakini amekunja mikono, na kichwa amekiinamishia upande. Huyo ni mke wangu, daktari, na amenuna. Ametoka huko kote kuja kuninunia."

Wodi nzima ilicheka. Nesi alicheka, daktari alicheka, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka kama kijana, anarudia, "Nimemwona, amenuna, nimemwona." Tangu asubuhi anamsimulia kila anayepita kitandani.

Sikuwa nimenuna, Shemeji. Nilikuwa nimejikumbatia nalia. Sikumsahihisha, na wewe ukimwona usimsahihishe.

Shemeji yako,
Mama Pacha